Mgeni Ameondoka, Nani Atafagia?

(Haya ni maandishi ya mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni.)

Ndugu msikilizaji, waliotutangulia walituachia msemo usemao: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni msemo mzuri, na mara nyingi ni wa kweli. Mgeni huja na zawadi, kuku huchinjwa, na watoto wa nyumba hula nyama siku ambayo si ya sikukuu. Lakini msemo huo unazungumzia siku ya mgeni kuja. Hauzungumzii siku ya mgeni kuondoka, wala hausemi nani atafagia ua, nani ataosha vyombo, na nani ataziba shimo kama mgeni alichimba shimo.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya mgeni mmoja aitwaye urani. Tarehe 30 Julai 2025, katika Wilaya ya Namtumbo mkoani Ruvuma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani katika mradi wa Mto Mkuju. Mradi huo ni wa kampuni ya Mantra Tanzania, iliyo chini ya Uranium One, ambayo nayo ni tawi la shirika la atomiki la Urusi, Rosatom. Magazeti yaliandika juu ya ajira, kodi na fedha za kigeni. Hayo ni mambo ya maana, nami sina haja ya kuyabeza. Ila nilisubiri kuona mtu akiuliza swali moja dogo: siku mgodi utakapofungwa, ni nani atakayesafisha, na kwa fedha za nani?

Ili tulielewe swali hilo, hebu kwanza tuielewe kazi yenyewe.   Mawe ya urani husagwa yakawa mchanga laini, yakamwagiwa tindikali au dawa nyingine, urani ikatolewa na kukaushwa kuwa unga wa manjano. Unga huo hutiwa katika mapipa na kusafirishwa ng'ambo. Mahali penye madini hafifu, tani moja nzima ya mawe hutoa chini ya nusu kilo ya unga huo. Kilichobaki, yaani karibu tani yote, hugeuka kuwa tope na kumwagwa katika bwawa. Hilo ndilo bwawa la topesumu.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Ile urani iliyosafirishwa haikuondoka na mionzi yote. Kiasi cha asilimia 85 ya mionzi iliyokuwamo ndani ya jiwe hubaki katika tope. Humo mmebaki thoriamu na rediamu. Rediamu huchukua miaka 1,600 kupungua nguvu kwa nusu tu, na thoriamu huchukua miaka ipatayo 75,000. Rediamu nayo huzaa hewa iitwayo radoni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo mtu akiivuta kwa miaka mingi humletea kansa ya mapafu. Zamani, jiwe likiwa zima chini ya ardhi, mambo hayo yalikuwa yamefungiwa. Likisagwa, ni sawa na kufungua gunia la unga penye upepo. Upepo huchukua vumbi, na mvua huchukua tope.

Kwa hiyo mgodi wa urani una maisha mawili. Maisha ya kwanza ni ya kuchimba, nayo ni miaka ishirini au thelathini. Maisha ya pili ni ya kulinda tope, nayo hayana mwisho ambao wewe au mimi tutauona. Maisha ya kwanza yana faida, ndiyo maana yana wenyewe wengi. Maisha ya pili ni gharama tupu, na hapo ndipo wenyewe wanapoanza kutoweka mmoja mmoja.

Msinione mzushi, ndugu wasikilizaji. Twende Marekani, nchi yenye fedha, wataalamu na mahakama, tuone yaliyowapata huko.

Katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah wanaishi Wanavajo, wenyeji wa asili wa nchi ile, wengi wao wafugaji wa kondoo na mbuzi. Tangu mwaka 1944 hadi 1986, tani zipatazo milioni 30 za mawe ya urani zilichimbwa katika ardhi yao, nyingi kwa ajili ya mabomu ya serikali. Wanaume wa Kinavajo waliingia mashimoni bila mitambo ya kutosha ya kuingiza hewa, wakanywa maji yaliyochuruzika ukutani, wakarudi nyumbani na nguo zilizojaa vumbi, na wake zao wakazifua. Kansa ya mapafu ilipoanza kuwaua, ilichukua hadi mwaka 1990 kwa Bunge la Marekani kupitisha sheria ya kuwalipa fidia. Hesabu mwenyewe: kutoka 1944 mpaka 1990 ni miaka 46. Wengine walikuwa wameshazikwa.

Mpakani mwa ardhi hiyo, mahali paitwapo Church Rock, kulikuwa na kiwanda na bwawa la topesumu. Mwaka 1977 ukuta wa bwawa ulionekana una nyufa. Sisi tuna methali: asiyeziba ufa hujenga ukuta. Bwawa liliendelea kujazwa. Alfajiri ya tarehe 16 Julai 1979 ukuta ulipasuka, na maji ya tindikali yenye mionzi, yapatayo lita milioni 350, pamoja na tani 1,100 za tope, yakaingia katika mto Puerco. Mto huo ndimo watoto walimokuwa wakicheza na kondoo wakinywa. Miezi michache kabla ilikuwa imetokea ajali ya kinu cha umeme cha Three Mile Island, ambayo dunia nzima iliisikia. Ile ya Church Rock ilisikiwa na wachache, maana walioathirika walikuwa wafugaji maskini. Katika muda usiotimia miezi minne kiwanda kilifunguliwa tena. Kilifungwa mwaka 1982, na hadi leo, zaidi ya miaka arobaini baadaye, kazi ya kusafisha eneo lile haijaisha.

Katika nchi nzima ya Wanavajo yamehesabiwa mashimo yaliyotelekezwa zaidi ya 500. Ukiuliza wenyewe wako wapi, utaambiwa kampuni hii ilifilisika, ile iliuzwa, nyingine jina lake limebaki katika makabrasha tu.

Na hapa, msikilizaji, ndipo penye fundisho lenyewe. Kampuni ya Kerr-McGee ilikuwa miongoni mwa zilizochimba huko. Mwaka 2006 ilijitenga na madeni yake ya kale kwa kuunda kampuni nyingine iitwayo Tronox, ikaitwisha mzigo wa uchafu wa miaka mingi. Mali nzuri zikabaki kwa mama, madeni yakaenda kwa mtoto. Mwaka huo huo mama akanunuliwa na tajiri mwingine, na mwanzoni mwa 2009 mtoto akafilisika, kama ilivyotazamiwa na yeyote aliyejua hesabu. Serikali ya Marekani ilikwenda mahakamani, na baada ya miaka mitano ikapata suluhu ya dola bilioni 5.15, ambazo takriban bilioni moja ni kwa ajili ya mashimo 50 hivi katika ardhi ya Wanavajo. Walishinda, ndiyo. Lakini hebu fikiri: ni nchi gani ya kwetu yenye mawakili na ubavu wa kumfuata mwenye mgodi namna hiyo, tena akiwa ng'ambo, tena akiwa amebadili jina?

Mfano mwingine uko Moab, katika jimbo la Utah. Hapo kiwanda kilianza kazi mwaka 1956 na kusimama mwaka 1984. Kiliacha lundo la tope la tani zipatazo milioni 16 kando ya mto Colorado, umbali wa kiasi cha mita 230 tu kutoka majini. Mto huo hutumiwa na mamilioni ya watu, pamoja na wakazi wa Las Vegas na Los Angeles. Mwenye kiwanda, kampuni ya Atlas, alifilisika mwaka 1998, na dhamana aliyokuwa ameiweka haikutosha hata kidogo. Mwaka 2001 mzigo ukachukuliwa na serikali. Mwaka 2009 tope hilo lilianza kupakiwa katika makontena na kubebwa kwa treni hadi kilometa 48 mbali na mto, kuzikwa katika shimo lililotengenezwa. Gharama imekadiriwa kufika dola bilioni moja. Mlipaji ni nani? Ni mwalimu, dereva, muuza duka, yaani mlipa kodi wa Marekani, ambaye huenda hakuwa amezaliwa wakati kiwanda kinapata faida.

Labda mtu atasema: basi mgodi uwe wa serikali, serikali haifilisiki. Twende Ujerumani. Katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki, Warusi waliunda kampuni ya Wismut baada ya Vita Kuu ya Pili, na hadi mwaka 1990 ikachimba zaidi ya tani 200,000 za urani. Maelfu ya wachimbaji walipata kansa ya mapafu. Mwaka 1990 Ujerumani mbili zilipoungana, wenye mgodi, yaani dola ya Ujerumani Mashariki na muda mfupi baadaye dola ya Kisovieti, wakatoweka. Kumbe hata dola hufa! Zilibaki milima ya mawe, mabwawa ya tope na machimbo yaliyojaa maji. Serikali mpya ilitenga Marki bilioni 13 mwanzoni, na kazi ikaanza mwaka 1991. Shimo kubwa la Lichtenberg lilijazwa kwa mawe yale yale yaliyotolewa ardhini, mabwawa yakafunikwa kwa udongo, miti ikapandwa. Mwaka 2007 maonyesho ya taifa ya maua yalifanyika hapo Ronneburg na katika mji jirani wa Gera. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kusafisha hakuwezekani. Kunawezekana, ila kwa fedha za Ujerumani. Na hata hivyo maji yatokayo katika machimbo bado yanasafishwa kwa mitambo kila siku, miaka zaidi ya thelathini baadaye.

Bara letu nalo lina habari zake. Huko Niger, jangwani karibu na mji wa Arlit, mgodi wa Akouta ulifanya kazi tangu 1978, urani yake ikawasha taa za Ufaransa. Ulifungwa tarehe 31 Machi 2021. Umeacha tani zipatazo milioni 20 za mabaki juu ya ardhi, katika nchi ambayo ni miongoni mwa maskini kabisa duniani. Mpango wa kusafisha ulikuwapo. Lakini mwaka 2023 serikali ya Niger ilipinduliwa na wanajeshi, uhusiano na Ufaransa ukavunjika, na Juni 2025 wanajeshi hao wakautaifisha mgodi mwingine wa jirani, ule wa Somaïr. Sisemi nani ana haki katika ugomvi ule. Nasema tu kwamba mzee na kijana wakigombana shambani, magugu hayangoji wapatane. Tope lipo pale pale, na upepo wa Sahara haujui nani ametaifisha nini.

Sasa turudi nyumbani. Mradi wa Mkuju uko katika eneo ambalo zamani lilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka ubadilishwe, zikaondolewa hekta kama 20,000 ili mgodi uweze kuchimbwa. Maji ya upande ule huteremkia katika bonde la Rufiji. Na Rufiji, msikilizaji, ni tembo na viboko wa Hifadhi ya Nyerere, ni bwawa letu kubwa la umeme, ni mashamba ya mpunga, na mwisho ni mikoko ya delta na kamba wanaoliwa Dar es Salaam. Anayedhani kwamba Namtumbo ni mbali na atazame ramani, afuate mto kwa kidole.

Tena kuna tofauti moja isiyo ndogo. Church Rock, Moab na Arlit zote ni nchi kavu, mvua ni ya kubahatisha. Ruvuma ni nchi ya masika. Bwawa la topesumu huko litabeba tope na mvua pamoja, mwaka baada ya mwaka. Na kwamba kuta za mabwawa ya migodi hupasuka hata kwetu, hatuhitaji kwenda Marekani kujifunza. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope katika mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka, tope likaingia katika mashamba na nyumba za watu. Lile lilikuwa tope la almasi. Lingekuwa la urani, tungekuwa tunazungumza lugha nyingine leo.

Najua hoja ya upande wa pili, nami naiheshimu. Kijana wa Namtumbo anahitaji kazi. Dunia inahitaji umeme usiotoa moshi, na nchi nyingi zimerudi kwenye vinu vya atomiki. Kwa nini sisi tukalie mali chini ya ardhi? Wala sisemi kwamba kampuni iliyopo imefanya kosa. Mgodi mkubwa haujaanza. Na ndiyo maana nazungumza sasa, kwa sababu mahari hupatanwa kabla ya ndoa. Wanavajo walipewa nafasi ya kuuliza baada ya mashimo kuchimbwa. Mwaka 2005 wakatunga sheria yao wenyewe ya kupiga marufuku uchimbaji wa urani katika ardhi yao. Ilikuwa haki yao, lakini sheria hiyo haikuweza kurudisha tope chini ya ardhi.

Sisi tunayo sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazungumzia dhamana ya fedha kwa miradi inayoweza kuharibu mazingira. Tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki, na tunacho chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Kwa hiyo hatuombi jambo geni. Tunaomba mambo manne, na mwananchi wa kawaida anaweza kuyahesabu kwa vidole.

La kwanza, fedha za kusafisha ziwekwe kabla ya mgodi mkubwa kuanza, ziwe fedha taslimu au dhamana ya benki isiyoweza kuguswa na kampuni wala na waziri wa fedha mwenye shida ya bajeti. Ahadi ya barua haitoshi. Kampuni ikifilisika, barua yake hufilisika nayo.

La pili, kiasi cha fedha hizo kikadiriwe na mtu asiye na hisa, kisha kipitiwe upya kila baada ya miaka michache, kwa sababu Moab imetuonyesha kwamba dhamana ya leo huwa senti za kesho. Na kampuni mama iliyoko ng'ambo itie saini pamoja na mtoto wake, ili mtoto akianguka, mama asiseme hamjui.

La tatu, maji ya visima na mito ya Namtumbo yapimwe sasa, kabla ya kazi, na matokeo yabandikwe katika ofisi ya kijiji kwa Kiswahili. Pasipo kipimo cha leo, mtu akilalamika baada ya miaka ishirini ataambiwa kwamba maji yalikuwa hivyo tangu Adamu. Wachimbaji nao wapimwe na kumbukumbu zao zitunzwe mahali pasipoweza kuungua pamoja na ofisi ya kampuni.

La nne, mkataba useme waziwazi ni nani atakayelinda lile bwawa baada ya mgodi kufungwa, kwa muda gani, na mshahara wa mlinzi utatoka wapi. Kifungu hicho kisomwe bungeni, na mbunge wa Rufiji awepo, si wa Namtumbo peke yake.

Mtu akikwambia kwamba masharti hayo yatamfukuza mwekezaji, muulize swali moja tu: kama gharama ya kusafisha ni kubwa hata inamtisha yeye mwenye mitaji ya dunia, je, sisi tutakaoachiwa tutaibeba kwa nini? Na kama ni ndogo, kwa nini asiiweke mezani sasa? Katika majibu mawili hayo hakuna hata moja linalotutaka tungoje.

Mgeni na aje, ndugu wasikilizaji. Tumpe kiti, tumpe maji. Lakini kabla hajashika jembe, atuonyeshe ufagio wake, tuushike, tuupime kama una urefu wa kutosha. Maana unga wa manjano utapanda meli na kwenda zake, na tope litabaki na wajukuu wa wajukuu zetu, watakaokuwa hawajui hata jina la kampuni iliyoliacha.